Chungu cha Samaki wa Mume Wangu

Niseme mapema kwamba bado nina hasira. Watu wananiambia yamekwisha, sahau, Mungu amekuonyesha haki yako. Sawa, amenionyesha. Lakini mtu akilala kwenye kitanda cha nyumba yako, akala wali wako, akanywa chai yako, kisha akakwambia umemroga mumeo, hasira haiishi kwa sababu tu umeonekana huna kosa. Yangu ipo, naitunza, na wifi yangu anajua ipo.

Chanzo cha yote ni samaki. Tena wala si samaki wa kula. Mume wangu alikuwa fundi baiskeli hapa Somanga, kibanda chake kando ya barabara kuu, na nyuma ya kibanda kuna shimo walilochimba kifusi wakati wa kutengeneza barabara, wakaliacha. Kiangazi shimo linakauka mpaka ardhi inapasuka, mbuzi wanalala humo. Mvua ikinyesha linajaa, na baada ya wiki chache lina samaki wadogo, urefu wa kidole cha mwisho. Hakuna mto unaofika pale, hakuna bomba. Muulize yeyote hapa, atakwambia wanadondoka na mvua. Mume wangu alisema hapana, wanatoka kwenye udongo, mayai yamelala humo kiangazi kizima yanangoja maji. Watu walimcheka. Mimi pia nilimcheka, na hilo ni langu, simsingizii mtu.

Kucheka kwangu kulikwisha siku alipowaleta nyumbani ndani ya beseni langu jeupe la maua, nililopewa na shangazi yangu wakati wa harusi. Hakuniomba. Alilichukua, akalijaza maji ya shimo, akaliweka kivulini nyuma ya jiko, akakaa kwenye kigoda kulitazama. Niligomba wiki nzima. Yeye kazi yake kuniita tu, njoo uone, njoo uone, na mimi jibu langu lilikuwa moja kila siku, nina kazi. Kweli nilikuwa na kazi. Lakini jamani, ile miaka yote, sikuwa na dakika moja?

Nilikuja kuwaona vizuri mwaka nilipoteguka mguu kisimani. Sikuweza kusimama jikoni, nikatandikiwa mkeka nyuma ya jiko, na pa kutazama palikuwa mahali pamoja tu, kwenye beseni. Nikaanza kutazama kwa kununa. Siku ya tatu nilikuwa nasukuma chakula changu pembeni ili nisikose kitu.

Madume yalikuwa mawili, majike manne. Dume ana wekundu wa mkia ambao hata kanga mpya haina, na mgongoni buluu inayowaka ukimtazama kwa jua la asubuhi. Jike hana lolote. Kijivu, rangi ya udongo wenyewe. Basi yule dume mkubwa anakuja mbele ya jike, anatanua mapezi yake yote, anajiweka ubavu ili aonekane vizuri, anatetemeka mwili mzima. Jike anaendelea kula viluwiluwi vya mbu. Dume anazunguka upande wa pili, anatanua tena. Jike anaondoka. Dume anafuata, anamkatiza njia, anajitanua tena. Asubuhi mpaka adhuhuri! Mimi niliyechezwa unyago nikafundishwa adabu zote, nilikasirika kwa niaba ya yule jike. Nilimwambia mume wangu amtoe yule dume, hana haya, anamchosha mwenziwe. Akacheka, akaenda kuleta kifuu cha nazi, akakitumbukiza ndani ya beseni, na majike wakajua mara moja kwamba ile ndiyo nyumba ya kujificha.

Lakini pia niliona upande wa pili, ambao mtu anayepita haraka hauoni. Kwenye kona ya beseni mume wangu alikuwa ameweka bakuli la udongo laini mweusi wa shimoni. Jike akiwa tayari, habembelezwi. Anatoka kwenye kifuu mwenyewe, anashuka kwenye bakuli, anakaa karibu na udongo. Hapo dume anakuja taratibu, ubishi wote umemwisha, anamlalia ubavuni, anamfunika kwa pezi lake la mgongoni kama mtu anavyomfunika mwenziwe upande wa kanga. Wanajikunja pamoja, wanatetemeka, halafu ghafla vumbi la udongo linaruka na wameachana. Yai moja. Wanarudi, yai jingine. Moja moja, siku nzima, kila moja wanalizika udongoni.

Yule dume wa pili alikuwa mdogo. Mkubwa alimfukuza mpaka mapezi yakawa na matundu, na akishafukuzwa rangi yake inafifia, unaweza kumdhania jike. Anajikalia pembeni. Mkubwa akizubaa tu na jike mmoja, huku nyuma mdogo rangi inamrudi, anamsogelea mwingine. Mume wangu akasema yule mdogo ndiye yeye kwa baba yangu. Barua yake ya posa ilirudishwa mara mbili, ya tatu ikapokewa. Nikamwambia wewe hukuwa na mapezi mazuri hata hiyo ya tatu. Tulicheka sana siku ile.

Hawa samaki hawaishi muda mrefu. Mvua zikiisha nao wanazeeka, wanakonda, mmoja mmoja wanakufa. Mume wangu alikuwa akichukua ule udongo wa bakuli, anauchuja, anautandaza kwenye gunia kivulini mpaka unakuwa na unyevu wa tumbaku, halafu anautia kwenye chungu na kukifunga mdomo. Chungu kinakaa chini ya kitanda chetu, maana pale ndipo penye baridi. Kila mwezi unaopita anachora mstari mmoja wa mkaa ubavuni, apate kujua mayai yamelala muda gani. Mvua ya kwanza ikija anamimina udongo kwenye beseni na maji ya mvua, na kesho yake wapo.

Mwaka huu wa mwisho alikifunga chungu kwa kipande cha kaniki. Nilimgombeza. Kaniki nyeusi, udongo mweusi, mistari ya mkaa, chini ya kitanda cha watu! Nilimwambia mtu akiona kitu hiki atafikiri nini.

"Nani anaingia chini ya kitanda chetu?" akasema.

Alifariki mwezi wa kumi, kibandani kwake. Alikuwa anajaza upepo gurudumu, akakaa chini, akaegemea nguzo. Walioniletea habari walinikuta napepeta mchele. Sitaeleza zaidi ya hapo. Chungu kilikuwa na mistari mitano, wa tano alikuwa ameuchora siku chache tu kabla.

Nikakaa eda. Miezi minne na siku kumi, ndani ya ua wangu, nguo nyeupe, sitoki. Upande wa mume ulikuja kutoka Mitole, na baada ya matanga walibaki wawili, mama mkwe na wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu. Mama alibaki kukaa na mimi, kama desturi. Wifi alibaki kwa sababu wifi hubaki.

Ni yeye aliyeingiza ufagio chini ya kitanda. Mimi nilikuwa uani. Nilisikia ukelele, nikadhani nyoka. Nilipofika mlangoni amesimama ukutani, kiganja mdomoni, na chungu kipo katikati ya chumba.

Kwanza hakusema na mimi. Alimwita mama yake, akamwonyesha kaniki, akamwonyesha mistari, akahesabu kwa kidole, mmoja, wawili, mpaka mitano. Miezi mitano aliyobakishiwa ndugu yake, ndivyo alivyosema, kila mwezi ukapigwa mstari, na wa tano ulipopigwa akafa. Nikasema ni mayai ya samaki. Akaniuliza samaki gani wanaokaa kwenye udongo mkavu chini ya kitanda. Na mimi nilipofungua mdomo kueleza, nikayasikia maneno yangu mwenyewe yanavyosikika, nikanyamaza. Ndilo kosa langu. Aliyenyamaza ameshakubali, hivyo ndivyo walivyolichukua.

Wakaogopa kukifungua. Wifi alisema atakayekigusa kitamrudia. Akakisukuma kwa mwiko mpaka uani, akakifunika kwa kinu kilichopinduliwa, akatuma salamu kwa mganga mmoja Mtama aje akifungue. Akatangaza pia kwamba siku nitakayotoka eda ukoo utakaa, na mwanamke aliyefanya jambo lile hatabaki kwenye nyumba ya ndugu yao. Nyumba ya ndugu yao! Maji ya kufyatulia tofali za ile nyumba niliyachota mimi, kwa kichwa changu.

Lakini sitaki kusema uongo. Nyumba iliniuma, ila kilichonikata maini ni mama mkwe. Yule mama tulikuwa tunapendana. Alikuwa hali mboga ya mtu mwingine akija kwangu, anataka ya mkono wangu. Baada ya chungu kuonekana alianza kumenya mihogo yake mwenyewe, akaweka sufuria yake kwenye mafiga yake, pembe ya pili ya ua. Hakunitukana hata neno moja. Nikimwambia shikamoo mama, ananijibu marahaba. Halafu anachochea moto wake.

Na mimi, katika hayo yote, nilikuwa na hofu ya jua. Kile kinu kilikuwa mahali panapopigwa na jua kuanzia saa nane, na udongo ukikauka kabisa mayai yanakufa, marehemu aliniambia hivyo mara mia. Nisingeweza kukisogeza, ningesemwa nimekwenda kukiamsha. Basi kila siku nilifua gunia, nikalianika juu ya kinu likiwa linatiririka maji. Gunia lile lile. Wifi aliniuliza mbona gunia halitakati, nikamwambia hiki kipande cha gunia kina uchafu wa ajabu.

Mganga wa Mtama alikuwa anakuja wiki ijayo. Kila wiki alikuwa anakuja wiki ijayo. Ikaingia Desemba na mvua ikamtangulia.

Ilianza baada ya adhuhuri, mvua nzito ya kwanza. Mama na wifi walikimbilia barazani. Mimi nilibaki uani na nguo zangu za eda zikininata mwilini, nikaondoa gunia, nikapindua kinu, nikakichukua chungu. Wifi akaanza kuniita kwa sauti ya kutetemeka, kiache, kiache. Nikaenda kulitoa beseni langu la maua, nikaliweka mahali maji ya bati yanapomwagikia, nikakifungua kile kipande cha kaniki kwa meno maana fundo alilifunga marehemu na alikuwa na mikono ya fundi. Nikamimina udongo wote.

Kilichotoka ni udongo. Maji meusi, takataka zinaelea. Wifi akasema sasa samaki wako wako wapi. Nilikaa pale kwenye kigoda cha marehemu mpaka giza linaingia, na maji yalibaki meusi, na nikasema moyoni kwamba jua limeshawaua, na mume wangu sasa amekufa kabisa, na mimi sina nyumba.

Asubuhi udongo umetulia chini. Niliinama, sikuona kitu. Nikainama upande wa mwanga, nikaona vitu vyembamba kama nyuzi za kushonea zilizokatwakatwa, na kila uzi una macho mawili. Walikuwa wanaruka. Nililia, wallahi, nililia kwa sauti, kitu ambacho hata siku ya mazishi nilijizuia.

Nikamwita wifi aje ashuhudie. Akaja, akatazama, akarudi nyuma hatua mbili. Mnajua alisema nini? Alisema, "Mama, umeona? Kautia maji, udongo umezaa."

Yaani ushahidi wangu ukageuka mashtaka. Mchana ule ule akapanda gari kwenda Mitole kuwasimulia kwamba mke wa marehemu ana chungu kinachozaa. Nilitaka kucheka na nilitaka kumrushia mchi, vyote kwa pamoja. Mama mkwe naye alikuja kuona. Macho yake hayaoni vitu vidogo, alitazama beseni akaona maji tu. Akaenda kuwasha moto wake.

Nikawalea. Nilikuwa siruhusiwi kutoka, lakini matairi mabovu ya marehemu yalijaa uani na kila tairi ina maji na kila maji yana viluwiluwi, na kwa mara ya kwanza nikayashukuru yale matairi niliyomgombeza nayo miaka. Wengine walikufa. Walibaki kumi na moja. Walikua haraka kupita kiasi, kama viumbe wanaojua hawana muda. Januari, wanne wakaanza kuwa wekundu.

Asubuhi moja mama mkwe alipita na birika lake akitoka kutia udhu wa dhuha. Jua lilikuwa limeingia ndani ya beseni na dume mkubwa alikuwa kazini, amejitanua mbele ya jike, buluu na nyekundu yote nje. Mama akasimama. Akaweka birika chini. Nikamsogezea kigoda, akakaa, akainama mpaka pua inakaribia maji.

Alikaa sana. Dume alimfuata jike mpaka kwenye kifuu, akafukuzwa, akarudi. Baadaye jike akashuka kwenye bakuli la udongo, na mama akaona lile jambo lote, kufunikwa, kutetemeka, vumbi. Alisema kitu kwa Kimatumbi, si kwangu. Halafu akanigeukia.

"Hawa ni wa mpungani," alisema. "Alikuwa akiwaleta kwenye kata ya maji. Nilikuwa namweka alinde ndege, anaacha ndege wanakula mpunga, yeye ameinamia dimbwi. Nilimpiga kwa ajili ya hawa. Nikawamwaga."

Sikujua. Miaka yote ya ndoa hakuniambia kwamba alianza mtoto, wala kwamba alipigwa. Mimi nilidhani ni upuuzi alioupata ukubwani, kando ya barabara. Tukakaa sisi wawili pale, mmoja aliyewamwaga na mmoja aliyekuwa na kazi. Adhuhuri nilipopakua, mama alisogeza sahani yake kwenye chungu changu cha mboga, akala, akaomba nimwongeze mchuzi.

Siku yangu ya kutoka eda, baada ya kuogeshwa na kuvishwa nguo mpya, ukoo ulikaa barazani kama wifi alivyoahidi. Wazee wa kiume kwenye viti, wanawake mkekani, wifi katikati, amejitanda vizuri, amejiandaa. Alianza na kaniki. Akafika kwenye mistari, akahesabu tena kwa kidole. Mama mkwe alimwacha amalize. Kisha akaniambia nilete samaki.

Niliwatia dume mmoja na jike mmoja kwenye lile kopo kubwa angavu la peremende za dukani, pamoja na udongo kidogo, nikaliweka katikati ya mkeka. Na yule dume, astaghfirullah, hakujali kwamba amekaa mbele ya wakwe. Alijitanua. Alitetemeka. Alimzunguka mwenziwe mbele ya wazee wenye kofia, na jike naye siku hiyo hakutaka hata kujivunga, akashuka moja kwa moja chini. Mzee mmoja akakohoa, akatazama barabarani. Mwingine alisogeza kiti karibu.

"Huyo jike anataga," mama mkwe alisema. "Mayai yanazikwa udongoni, na mvua inawatoa samaki. Chungu ni cha mwanangu. Mistari ni ya mwanangu. Asiyeamini aje anipige mimi, kama nilivyompiga yeye."

Hakuna aliyesimama. Wazee wakaomba dua, tukala wali. Nyumba ni yangu na hakuna aliyeitaja tena.

Wifi je? Wifi alisema yeye alisema tu alichokiona. Baada ya kula akaniuliza kama naweza kumpa wawili, dume na jike, awapelekee watoto wake Mitole. Akaniuliza hivyo huku anatabasamu! Neno radhi halijamtoka mpaka leo. Niliwafunga wawili kwenye mfuko wa maji nikampa, kwa sababu watoto wake ni damu ya mume wangu na pengine mmoja wao atainamia dimbwi. Lakini sikumsindikiza mpaka kituoni, na yeye alielewa.

Mwezi wa tano mvua zilikwisha na samaki wakaisha. Mama mkwe alikuja kutoka Mitole bila kuitwa, na chungu kipya kichwani. Tukauchuja udongo wa bakuli, tukautandaza kwenye lile gunia lenye uchafu wa ajabu, tukangoja ufikie unyevu wa tumbaku, mimi nikibonyeza na yeye akibonyeza. Nilikifunga mdomo kwa kipande cha kanga yangu ya maua, maana kaniki sitaki kuiona tena ndani ya nyumba hii. Tukakiingiza chini ya kitanda, na yeye akajilaza kifudifudi sakafuni, na umri ule wake, ahakikishe hakipigwi na mwanga wa dirisha.

Alikuja tena mwezi uliofuata. Aliingia moja kwa moja chumbani, akakivuta chungu, akaniomba kipande cha mkaa jikoni, akachora mstari wa kwanza.